Redio ya Mtandaoni kwa Mudi Uliyonayo: Kuchagua Stesheni, Kunasa Nyimbo na Kuzipanga

Anayefungua redio ya mtandaoni kwa mara ya kwanza hukutana na maelfu ya stesheni. Anasikiliza tatu nne, anachoka, anarudi kwenye nyimbo zilezile ishirini alizonazo kwenye simu. Muziki haujapungua. Kilichomkwamisha ni kwamba anatafuta kwa aina, yaani rhumba, jazi, injili, wakati jioni ile anachohitaji ni kitu kinacholingana na hali ya moyo wake: amechoka, ana hasira alizotoka nazo kazini, au ana furaha inayotaka kelele. Rhumba ipo ya kubembeleza na ipo ya kutoa jasho, na neno rhumba peke yake halikuambii utapata ipi. Kwa hiyo hapa tunaanza na mudi, ndipo twende kwenye stesheni, bando, kunasa wimbo na kuupanga.

Pima mudi kwa maswali mawili

Mwaka 1980 mwanasaikolojia James Russell alichapisha mchoro unaopanga hisia kwenye duara lenye mistari miwili inayokatana. Mstari wa kulala unapima raha, kutoka karaha hadi furaha. Mstari wa kusimama unapima nguvu, kutoka usingizi hadi mchangamko. Huduma nyingi zinazopanga nyimbo kwa mudi zimejengwa juu ya wazo hilo. Spotify, kwa mfano, inaupa wimbo namba kati ya 0 na 1 kwa raha na nyingine kwa nguvu. Utaalamu huo ulitoka The Echo Nest, kampuni ya Marekani ambayo Spotify iliinunua mwaka 2014.

Wewe huhitaji kompyuta kupima. Kabla hujafungua programu, jipe alama 1 hadi 5 mara mbili: nina nguvu kiasi gani, na nina raha kiasi gani? Nguvu 2 na raha 2 ni huzuni ya kimya, ile ya kukaa ukitazama dirishani. Nguvu 5 na raha 1 ni hasira au wasiwasi. Nguvu 1 na raha 4 ni utulivu wa baada ya kula na kuoga. Nguvu 5 na raha 5 haihitaji maelezo. "Sina mudi" halikusaidii kuchagua stesheni, kwa sababu mwenye huzuni na mwenye hasira wote husema hivyo, na muziki wanaouhitaji ni tofauti kabisa.

Ongeza swali la tatu: akili yangu itakuwa inafanya nini? Ukiwa unasoma au unaandika, maneno ya lugha unayoielewa yatapambana na maneno yaliyo mbele yako. Chagua muziki wa ala tupu, au wa lugha usiyoijua. Ukiwa unaosha vyombo, unafua au unaendesha gari, maneno hayana shida, na mara nyingi ndiyo yanayoburudisha.

Programu za kuanzia

Kwenye simu ya Android, RadioDroid ni ya bure, na inasoma orodha ya Radio Browser, ambayo ni daftari la wazi la stesheni linalojazwa na watumiaji wenyewe. Unaweza kutafuta kwa nchi, kwa lugha au kwa lebo, yaani neno fupi linaloeleza stesheni inapiga nini, ukaona ubora wa sauti wa stesheni kabla hujaifungua. Ina kengele ya kuamka, saa ya kuzima na kitufe cha kurekodi. Ukitaka kitu chepesi zaidi, Transistor inakuruhusu kuhifadhi stesheni zako chache basi. Kwenye iPhone, TuneIn na myTuner Radio zinafanya kazi hiyo, ingawa zina matangazo. Kwenye kompyuta tumia VLC, programu ya bure ya kuchezea muziki na video.

Unapotafuta kwa lebo, kumbuka lebo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na zimeandikwa na watu mbalimbali kwa mazoea yao. Anayetaka utulivu ajaribu "ambient", "chillout", "lounge" na "lofi". Anayetaka rhumba ajaribu "rumba" na pia "soukous", maana ni watu wawili tofauti waliojaza. Kisha panga matokeo kwa wingi wa wasikilizaji, kwani stesheni ambayo hakuna anayeibonyeza mara nyingi imeshakufa.

Kuna stesheni hazimo kwenye programu yoyote ila zina linki yao. Kuiweka:

1. Fungua tovuti ya stesheni, tafuta linki inayoishia na .pls, .m3u au .m3u8, au inayoishia na aina ya sauti kama mp3 au aac.
2. Bonyeza na ushikilie, kisha nakili anwani ya linki. Usinakili anwani ya ukurasa wenyewe, maana ndilo kosa linalofanya watu wengi waambiwe stesheni haifunguki.
3. Kwenye VLC ya kompyuta bonyeza Ctrl na N pamoja, bandika, cheza. Kwenye simu, ndani ya VLC kuna sehemu ya kufungua strimu mpya.
4. Ikicheza dakika mbili bila kukatika, ihifadhi na uipe jina la mudi badala ya jina la stesheni. "Usiku kimya" utalikumbuka ukiwa umechoka, jina la kigeni hutalikumbuka.

Kwa kujaribu, bandika https://somafm.com/groovesalad.pls. Faili la .pls ni maandishi mafupi tu yenye anwani za seva. Likigoma, lifungue kwa programu ya maandishi, utaona mistari inayoanza na File1, File2, kila mmoja una anwani yake ya moja kwa moja. Chukua mmoja uubandike wenyewe.

Bando

Hesabu ni rahisi. Chukua kilobiti kwa sekunde, ile namba ya ubora inayoandikwa kwenye stesheni, zidisha kwa 0.45, unapata MB kwa saa. Strimu ya 128 inakula takribani MB 58 kwa saa, ya 64 MB 29, ya 32 MB 14, na ya 320 MB 144. Msikilizaji wa saa nne kila siku atamaliza karibu GB 7 kwa mwezi akitumia 128, na karibu GB 3.5 akitumia 64.

Lakini namba hiyo peke yake haitoshi, angalia na aina ya sauti, kama ni MP3 au AAC+. MP3 ya 64 husikika kama redio iliyozamishwa kwenye ndoo: matoazi yanatoa mlio wa maji na sauti za juu zinapotea. AAC+ ya 64 inasikika vizuri kwenye spika ya simu na kwenye hedifoni za kawaida, maana imetengenezwa kwa ajili ya kiwango cha chini. Kwa mahubiri, mazungumzo na mpira, AAC+ ya 32 inatosha. Taarab asilia ndiyo inayoumia zaidi. Fidla, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) na akodiani vikipiga pamoja kwenye MP3 ya kiwango cha chini vinageuka ukungu mmoja, na ule utulivu uliokuwa unautafuta unageuka kero bila wewe kujua kwa nini. Kwa taarab usishuke chini ya 96 kama bando linaruhusu.

Stesheni gani kwa mudi gani

Kwa nguvu ndogo na raha ya wastani, yaani umechoka na hutaki kusumbuliwa, SomaFM ya San Francisco ndiyo tunayoitaja kwanza. Ilianza mwaka 2000, inaishi kwa michango ya wasikilizaji, haina matangazo ya biashara, na chaneli zake zimegawanywa kwa namna inayokaribia sana mudi. Groove Salad ni ya taratibu yenye mdundo laini, inafaa kazi za ofisini. Drone Zone karibu haina mdundo, ni sauti ndefu zinazopanda na kushuka, na inafaa kulala au kutuliza wasiwasi. Mtu mwenye huzuni asianzie Drone Zone: bila mdundo wa kushika wala maneno, mawazo yanabaki peke yake na yanazunguka palepale.

Radio Paradise nayo ilianza 2000, huko California, na nyimbo zake zinachaguliwa na watu. Ina chaneli ya laini, ya roki, na ya muziki wa dunia, mbali na ile kuu. Uzuri wake ni jinsi nyimbo zinavyounganishwa: wimbo unaofuata unachukua ufunguo (noti ya msingi) au hisia ya uliopita, kwa hiyo mudi haivunjiki ghafla. FIP ya Ufaransa, iliyoanzishwa 1971, inachanganya jazi, nyimbo za Kifaransa, muziki wa filamu na wa Afrika, na watangazaji wake wanaongea kidogo na kwa sauti ya chini. Ina chaneli za pembeni za jazi, reggae, groove na muziki wa dunia. Kwa nguvu 3 na raha 3, mtu anayepika jioni bila haraka, FIP ni chaguo zuri.

Ukitaka nguvu, stesheni za nyumbani zinazishinda hizo zote. Kipindi cha asubuhi cha redio ya Dar es Salaam au Nairobi kina kelele, kicheko na mdundo, kimetengenezwa kumtoa mtu kitandani. Ila ina maana pia kwamba ukiwa na wasiwasi saa mbili asubuhi, hapo si mahali pako. Jua ratiba za wiki: stesheni nyingi hupiga injili Jumapili asubuhi, kaswida husikika zaidi Ijumaa, zilipendwa mara nyingi huwekewa kipindi chake cha usiku au cha mwisho wa wiki, na taarab utaikuta kwa urahisi zaidi kwenye stesheni za Zanzibar na za pwani. Ratiba hiyo ndiyo mudi yenyewe, imeshapangwa na mtu anayejua wasikilizaji wake wanajisikiaje saa ile.

Hapo ndipo Radio Garden inapokuwa na faida ambayo watu wengi hawaitumii. Programu hii iliyotoka 2016 inaonyesha tufe la dunia lenye vitone vya kijani, kila kitone ni mji wenye stesheni. Wengi wanalizungusha ovyo. Lizungushe kwa saa. Ukiwa Dar es Salaam saa 4 usiku, Kinshasa ni saa 2 usiku, na Salvador, Brazil, ni saa 10 jioni, watu bado wamechangamka. Ukishtuka saa 11 alfajiri na usingizi umekata, Salvador ni saa 5 usiku na redio zake zimeshatulia. Kwa hiyo mwenye nguvu nyingi usiku anakwenda magharibi kutafuta mchana, na mwenye kukosa usingizi alfajiri anakwenda magharibi kutafuta usiku. Walioko Uingereza wajue kwamba tangu 2022 Radio Garden huko inafungua stesheni za Uingereza tu, kwa sababu za leseni. Dawa ni kuchukua linki ya stesheni kwenye tovuti yake na kuifungua kwa VLC.

Kwa kutafuta muziki wa zamani, jaribu Radiooooo. Unachagua nchi kwenye ramani, unachagua muongo, kisha unachagua kati ya taratibu, haraka na wa ajabu. Weka Kongo, miaka ya 1970, taratibu, uone.

Pale mashine inapokosea muziki wetu

Mashine inapoupa wimbo alama ya mudi inasikiliza sauti: kasi, ukali, ufunguo, wingi wa ngoma. Muziki wa Afrika Mashariki na Kongo unaikwepa kwa njia mbili, na ni muhimu kuzijua, maana usipozijua utadhani programu yako imeharibika.

Njia ya kwanza ni umbo la wimbo. Chukua rhumba ya Kongo ya dakika nane. Dakika tatu au nne za mwanzo ni kubembeleza: mwimbaji analalamika, wenzake wanamwitikia kwa sauti za juu, besi inatembea polepole, gita linajibu kila mwisho wa mstari. Halafu ngoma inabadilika, mara nyingi unasikia kwanza matoazi yakiongezeka, mwimbaji ananyamaza, na gita la solo linaingia na kipande kifupi kinachorudiwarudiwa. Hiyo ni sebene, na kuanzia hapo hadi mwisho ni kucheza. Wimbo mmoja umebeba mudi mbili, lakini mashine inautolea namba moja, wastani usiofanana na sehemu yoyote kati ya hizo mbili. Ndiyo maana orodha ya "kutulia" inaweza kukuwekea rhumba usiku ukaanza kusinzia, dakika ya nne ukaruka kitandani. Ukipanga orodha yako ya kulala, sikiliza kila wimbo mpaka mwisho kabla ya kuuingiza. Ukipanga ya kucheza, andika dakika sebene inapoanzia, uusogeze wimbo hadi hapo.

Njia ya pili ni maneno. Taarab ya kisasa, ile ya rusha roho, ina kinanda kilichochangamka na mdundo wa harusi, na ndani yake mna fumbo linalomchoma mtu fulani aliyekaa safu ya tatu. Bongo Fleva ya kuachwa mara nyingi inachezeka. Mapambio ya faraja yanaweza kupigwa kwa sebene kali. Mashine inasikia furaha. Wewe uliyeachwa juzi unasikia jina la mtu. Kinyume chake kipo pia: wimbo wa polepole wenye ufunguo wa huzuni ambao maneno yake ni sifa za bibi harusi. Kwa nyimbo za Kiswahili, alama ya raha ya mashine usiitegemee hata kidogo, iamini ya nguvu tu. Ya raha itoe wewe mwenyewe.

Kunasa wimbo kabla haujapita

Redio haikungojei. Strimu nyingi hutuma jina la wimbo pamoja na sauti, na programu inalionyesha. Jina hilo mara nyingi hubadilika sekunde kadhaa kabla wimbo haujaisha masikioni mwako, kwa sababu programu inalionyesha mara inapolipokea, wakati sauti bado iko kwenye akiba, yaani imeshapakuliwa ikisubiri zamu ya kuchezwa. Ukipiga picha ya skrini dakika ya mwisho ya wimbo, unaweza kunasa jina la unaofuata. Piga picha katikati ya wimbo.

SomaFM na Radio Paradise zinaweka orodha ya nyimbo zilizopigwa karibuni kwenye tovuti zao, kwa hiyo inatosha kuandika saa. Stesheni nyingi za nyumbani zinaandika jina la kipindi tu, au hakuna kitu. Hapo jaribu Shazam, programu inayotambua wimbo kwa kuusikiliza, mara mbili: mara moja kwenye ubeti, mara moja kwenye kiitikio, mtangazaji akiwa amenyamaza. Mara nyingi itashindwa kwa rekodi za jukwaani, na pia kwa zilipendwa zilizotolewa kwenye kanda, maana kanda hukimbia au huchelewa kidogo na kasi hailingani tena na rekodi iliyomo kwenye hazina yake.

Ikishindwa, tumia masikio. Andika mstari mmoja wa kiitikio neno kwa neno, utafute YouTube ukiwa ndani ya alama za kunukuu, pamoja na neno kama taarab, zilipendwa au jina la bendi uliyoisikia ikitajwa. Sikiliza bendi ikijitaja, kwani katika muziki wa dansi waimbaji hutaja bendi yao na wapiga gita wao ndani ya wimbo, mara nyingi pale gita linapoingia. Ukikosa, badilisha tahajia: waliopandisha nyimbo hizi huandika jina moja kwa namna tatu.

Kitufe cha kurekodi cha RadioDroid kinasaidia hapa. Bonyeza wimbo unapoanza, rekodi dakika mbili kwa ajili ya kuutambua baadaye au kumsikilizisha mzee wa mtaani anayezijua, halafu ufute. Ukishaupata, usikilize mahali ambapo msanii analipwa.

Kupanga orodha: anzia ulipo

Kosa kubwa la orodha za mudi ni kumpigia mwenye huzuni wimbo wa shangwe. Anauzima. Wataalamu wa tiba ya muziki wana kanuni iliyoelezwa na daktari Ira Altshuler wa Marekani katika miaka ya 1940: anza na muziki unaofanana na hali aliyonayo mtu, kisha ubadilishe kidogokidogo kuelekea unakotaka afike.

Kwanza jua kasi ya nyimbo zako. Weka saa ya simu sekunde 15, gonga mguu, hesabu, zidisha kwa 4, unapata mipigo kwa dakika. Chini ya 80 ni ya kutulia, kati ya 80 na 110 ni ya kutembea, juu ya 120 inataka mwili. Kompyuta mara nyingi inakosea hapa, inasema 140 pale mguu wako unapogonga 70. Fuata mguu.

Orodha ya nyimbo kumi, kama dakika 40 hivi, kutoka huzuni ya kimya kwenda uchangamfu, inakaa hivi: nyimbo tatu za kwanza ziwe kati ya mipigo 65 na 75, za huzuni kweli, zenye sauti moja na ala chache. Usizionee haya. Nne zinazofuata zipande mipigo 6 hadi 8 kila mmoja, na ala ziongezeke: besi, kisha ngoma, kisha waitikiaji. Tatu za mwisho ziwe 110 na kuendelea. Rhumba yenye sebene inafaa sana kuwa ya saba, kwa sababu inafanya daraja yenyewe ndani ya wimbo mmoja.

Kwa hasira kwenda usingizini, geuza. Anza na nyimbo za kasi na kelele, kama dakika nane nzima za hizo, ushuke mipigo kama 10 kila wimbo, maneno yapungue kadiri unavyoshuka, umalize na ala tupu zilizo chini ya 70. Weka saa ya kuzima dakika 45. Sauti nayo ipunguze mwenyewe kila nyimbo tatu, maana rekodi za kisasa zimebanwa ziwe na kelele sawa hata zikiwa taratibu.

Ukiona orodha ya huzuni ndiyo unayoifungua kila siku kwa wiki mbili mfululizo na huwezi kuvuka wimbo wa tatu, zungumza na daktari au mshauri. Orodha haitibu hilo.

Usichafue mapendekezo yako

Huduma za kupendekeza nyimbo hazijui ni nani kashika simu. Mtoto akilazwa kwa nyimbo za watoto mwezi mzima, mapendekezo yako yote yataanza kuwa ya kitoto. Spotify ina kipindi cha faragha, na inakuruhusu pia kuiondoa orodha fulani isihesabiwe kwenye ladha yako. YouTube inakuruhusu kusitisha historia. Tumia hivyo kwa nyimbo za watoto, za msiba na za sherehe ya siku moja.

Unapoanzisha redio kutokana na wimbo, chagua wimbo wenye mudi moja mwanzo hadi mwisho. Ukipanda rhumba ya sebene utavuna mchanganyiko. Bora utengeneze orodha ya nyimbo tano zinazofanana nguvu na raha, uombe mapendekezo kutokana na orodha hiyo. Na usiruke wimbo ndani ya sekunde kumi kwa sababu tu umeitwa mezani. Mashine inahesabu kuruka huko kama umeukataa. Simamisha.

Inapokorofisha

Inakatakata kila baada ya dakika moja au mbili. Shusha ubora kwanza. Seva nyingi za redio zinatumia Icecast, programu ya kurushia redio mtandaoni, ambayo kwa kawaida inakupa KB 64 za kuanzia kwa mkupuo. Kwa strimu ya 128 hiyo ni akiba ya sekunde 4, kwa ya 32 ni sekunde 16. Strimu ndogo inavumilia mtandao mbovu mara nne zaidi. Kwenye VLC ya kompyuta nenda mipangilio kamili, sehemu ya ingizo, ongeza akiba ya mtandao kutoka milisekunde 1000 hadi 5000 au 8000. Itachelewa kuanza, ila itatulia.

Inazimika skrini ikizima. Ni simu inayobana betri. Ingia mipangilio ya betri, tafuta programu ya redio, iondolee vizuizi. Simu nyingine zina orodha ya pili ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha, iangalie nayo.

Stesheni ya jana leo haifunguki. Stesheni ndogo huhama seva mara kwa mara. Rudi kwenye tovuti yake uchukue linki mpya, au itafute upya kwenye Radio Browser. Jaribu pia kubadilisha http kuwa https, au kinyume chake.

Inacheza Wi-Fi lakini kwa bando inagoma. Baadhi ya seva hutumia mlango kama 8000, ambao mitandao mingine inaufunga. Tafuta linki ya stesheni hiyohiyo isiyo na namba baada ya jina la seva.

Inaleta tangazo kila unapoifungua. Hilo linawekwa mwanzo wa strimu, kwa hiyo ukibadilisha stesheni kila dakika utasikia matangazo tu. Chagua moja, kaa nayo angalau nyimbo tatu. Wimbo mmoja mbaya hauonyeshi stesheni ilivyo. Kuanzia wa tatu umeshajua imekaa wapi kwenye ile mistari miwili, na hapo unaweza kuipa jina la mudi na kuihifadhi, au kuifuta.